Mama anataka kuja, mawifi wanasema nisimpokee

SWALI: Shangazi shikamoo. Nilisilimu miaka 3 iliyopita, nikaolewa huku Tanga. Mama yangu ni Mlutheri, alikasirika hata harusini hakuja. Sasa kapiga simu anataka kuja kuniona, analeta karanga na maharage ya shambani. Mawifi wanasema nisimpokee, eti Umm Habiba, mke wa Mtume, alimkunjia baba yake tandiko asilikalie. Mume wangu kanyamaza tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpokee mama yako.

Hicho kisa cha Umm Habiba kipo kweli kwenye sira, yaani habari za maisha ya Mtume, ila wamekusimulia nusu. Baba yake, Abu Sufyan, hakwenda Madina kumsalimia binti, alikuwa mkubwa wa Makureshi, kabila la Makka, kashawapiga vita Waislamu miaka na miaka, na safari ile ya mwaka wa 8 Hijria alikwenda kuunusuru mkataba wa Hudaibiya, ule wa amani kati yao na Waislamu, baada ya upande wake kuuvunja, ndo akapitia kwa bintiye akataka kukalia tandiko la Mtume (s.a.w). Na Umm Habiba alishateseka, alihamia Uhabeshi (Ethiopia) kwa ajili ya dini, imepokewa kwamba mumewe wa kwanza akaritadi, yaani akaacha Uislamu, hukohuko, akabaki ugenini na mtoto. Sasa mama yako kampiga vita nani?

Kisa kinachokuhusu wewe ni cha Asma, binti wa Abubakar sahaba wa Mtume, yule aliyepasua mshipi wake vipande 2 afungie chakula cha safari ya Hijra, Mtume alipohama Makka kwenda Madina. Mama yake, Qutayla, hakuwa Muislamu, na Abubakar alishamwacha tangu zama za ujahilia, kabla ya Uislamu. Kipindi cha mkataba huohuo wa Hudaibiya mama huyo akafunga safari kutoka Makka mpaka Madina kumuona binti yake, imepokewa kwamba alibeba zawadi, samli ikiwemo, na Asma akasita kabisa, hakumkaribisha ndani wala hakupokea kitu mpaka Mtume aulizwe. Jibu la Mtume liko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: ndiyo, muunge mama yako. Soma na aya ya 8 ya Sura Al-Mumtahina, Mungu hakatazi kuwatendea wema wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani. Wasomee na mawifi, kwa adabu.

Kwa hiyo karanga pokea, na upike ale. Akianza kukuvuta urudi kanisani usimfuate, ila usimjibu vibaya, Sura Luqman aya ya 15 imeshasema ukae nao kwa wema hapa duniani. Jumapili akitaka kwenda kwenye ibada yake msigombane.

Mimi kinachoniuma zaidi ni huo upweke wako. Huyo Asma alipofika Madina hakujua kuoka mkate vizuri, wanawake majirani wa Kiansari, Waislamu wenyeji wa Madina, wakawa wanamuokea, na mwenyewe baadae akawasifu kwamba walikuwa wanawake wa kweli. Mtu akisilimu akaacha kwao anahitaji watu wa namna hiyo, sio wa kumhesabia nani aingie mlangoni, na hilo mumeo alitakiwa awaambie dada zake zamani sana. Kaa nae leo usiku mueleze kwa upole unavyoumia, halafu muombe ampigie mama simu yeye mwenyewe amwambie karibu nyumbani, kabla mama hajakata tiketi.