Rehani ya pili: mteja amekwama, tumwite dalali?

SWALI: Taasisi yetu ya mikopo ilimkopesha mfanyabiashara shilingi milioni 40 kwa dhamana ya nyumba yake ya Tegeta. Benki ina rehani ya kwanza kwenye hati hiyohiyo. Yetu ni ya pili, yaani tunalipwa baada ya benki, na imesajiliwa. Marejesho yamesimama miezi minne, simu hapokei. Tumpe dalali kazi?
Mkopeshaji, Kinondoni

JIBU: Dalali asubiri. Jueni kwanza benki inadai kiasi gani leo. Haitawaambia bila idhini ya maandishi ya mteja. Kama hamkuichukua siku ya mkopo, mtafuteni asaini sasa. Fanyeni pia upekuzi kwa Msajili wa Hati, muone kama kuna zuio la mahakama au rehani ya tatu.

Kisha pigeni hesabu. Tuseme mthamini anasema nyumba ina thamani ya milioni 160 sokoni, na 120 ikiuzwa kwa haraka. Benki ikidai 70, zinabaki 50 kabla ya gharama za mnada. Ikidai 95, zinabaki 25 tu, na riba ya benki inazidi kula fungu lenu kila mwezi. Angalieni pia hiyo 120: ni pungufu kwa asilimia 25 kamili. Ukiuza kwa upungufu huo au zaidi dhidi ya bei ya wastani ya nyumba za aina hiyo, Sheria ya Ardhi inakuchukulia umekiuka wajibu wa kutafuta bei nzuri, mpaka uthibitishe vinginevyo. Wakili wa mteja ataanzia hapo.

Notisi ya siku 60 anayopewa mteja kabla ya nyumba kuuzwa ndiyo inayoangusha wakopeshaji wengi. Siku zinahesabiwa tangu mteja alipoipokea, si tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Itaje kosa lenyewe na kiasi chake, na iseme kwamba siku hizo zikiisha deni lote linadaiwa na nyumba inaweza kuuzwa. Nakala yenu iwe na sahihi yake na tarehe. Akikataa kusaini, aliyeipeleka ale kiapo mapema. Kama ni nyumba ya familia, hakikisheni ridhaa ya mwenzi imo kwenye faili. Ikikosekana, rehani yenyewe iko hatarini.

Mkiuza ninyi, mnunuzi anaichukua nyumba ikiwa bado na deni la benki, na hati halisi iko kwa benki. Hakuna mnunuzi makini atakayelipa bila barua ya benki kwamba itafuta rehani ikishalipwa. Kwa hiyo nashauri sana mauzo ya hiari: mteja atafute mnunuzi mwenyewe, benki ilipwe kwanza, ninyi mfuate, chenji iwe yake. Bei huwa bora kuliko ya mnada.

Benki ikitangulia kuuza, iandikieni kabla ya siku ya mnada kwamba mna rehani ya pili na mnadai ziada. Ziada hiyo isipolipa deni lenu lote, salio bado mnamdai mteja binafsi mahakamani.