Kabla hujauliza ujiunge na kundi gani, uliza nani hukaa nyuma

Jumanne usiku nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Kahawa West, hapa Nairobi. Amenunua baiskeli ya changarawe ya mtumba, ile ya kuendeshwa nje ya lami, amekuwa akiizungusha mtaani tu, na sasa moyo umeshaingia msituni. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, nijiunge na kundi gani?"

Usingizi ulinitoka. Siku tatu kabla ya hapo, Jumamosi, nilikuwa nimemaliza mzunguko wa msitu wa Kereita na rafiki yangu mmoja: Ruaka, Banana, Tigoni, Limuru, Uplands, Kimende, msituni, kisha kurudi. Kilomita 104, na kifaa changu cha usukani kilihesabu mita 1,680 za kupanda. Nina miaka 41, nina watoto wawili, siku sita za wiki nasimama dukani kwa watu, na saa kumi jioni nilikuwa nyumbani nikiwa na nguvu za kupika. Najivunia, sitaficha. Njia hiyohiyo ilinishinda mwaka juzi. Ilinishinda nikiwa kwenye kundi.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeshika. Tulitoka Ruaka watu tisa, wanawake wawili, na yule mwanamke mwenzangu akageuka Limuru kwa sababu ya goti. Kabla ya kuondoka kiongozi alisimama mbele yetu akasema, "Hapa hakuna atakayeachwa." Nilimwamini. Basi nikajikaza kufuata gurudumu la mtu wa mbele lami yote. Chai ya Tigoni, ambayo wageni husafiri kutoka mbali kuja kuiona, niliipita bila kuiangalia kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye tairi la mtu. Sikula, kwa kuwa hakuna aliyesimama. Maji nilikunywa mara mbili tu, kwa kuwa kuachia usukani kuchukua chupa kulinipotezea mita kumi, na mita kumi kwenye kilima cha Banana ni nyingi. Wakati huo sikuwalaumu. Nilijiambia mimi ndiye mzembe, sijafanya mazoezi ya kutosha.

Tulipoacha lami Kimende kuingia upande wa msitu, miguu ilikuwa imeshakwisha. Njia ya kwanza ni pana, magari ya mbao hupita, halafu inajikunja kati ya misonobari na baadaye inaingia msitu wa asili ambako mbega wanaruka juu yako na mikia yao mirefu myeupe. Siku ile sikuwaona. Niliona udongo. Ule udongo mwekundu wa milima yetu ukilowa unanata kama unga wa chapati uliozidi maji, na ukichanganyika na majani ya misonobari unakuwa kitu kingine kabisa: unajaa kati ya tairi na fremu, unapanda kwenye mnyororo, unakaa kwenye gia. Nikasikia mkwaruzo. Mtu wa mbele yangu alikuwa ameshapinda kona. Badala ya kusimama nikabadilisha gia nikakanyaga kwa nguvu zote zilizobaki, nisiachwe.

Mkono wa gia ya nyuma, ule unaohamisha mnyororo, ukaingia kwenye spoku, ukakatika.

Nilipiga kelele. Nilipuliza filimbi niliyokuwa nayo mfukoni. Nikapiga simu, mtandao hakuna. Nikakaa juu ya gogo dakika arobaini nikingoja mtu arudi, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa hakuna atakayeachwa. Mvua ikaanza.

Aliyenitoa ni mzee mmoja aliyekuwa akishuka na punda wake, mitungi ya maziwa imefungwa pande mbili. Aliniangalia, akaangalia baiskeli, akaniuliza, "Msichana wangu, wenzako wako wapi?" Sikuwa na jibu. Tulitembea pamoja, yeye na punda mbele, mimi nikisukuma baiskeli nyuma, na kila baada ya muda aligeuka kuhakikisha nipo. Mzee ambaye hakunijua jina aligeuka mara nyingi kuliko watu niliokuwa nimewapa pesa za mchango wa kundi.

Kimende mtandao uliporudi, simu ilitetemeka. Ujumbe wa kundi, na picha ya sinia la nyama choma: "Tumefika sote salama. Tumshukuru Mungu." Sote.

Nimeisoma ile "sote" mara nyingi mno. Hata leo nikiiandika hapa kifua kinabana.

Kwa hiyo dada yangu wa Kahawa West, swali lako nalirudisha kwako. Usiniulize kundi gani lina kasi, lina jezi nzuri, au limekwenda wapi. Muulize kiongozi jambo moja: nani hukaa nyuma? Akikutajia mtu kwa jina, nenda. Akikwambia "tunaangaliana tu," kaa nyumbani, au nenda na rafiki mmoja anayekujali. Watu tisa wasio na mtu wa nyuma ni watu tisa waliopitia njia moja siku moja, si kundi.

Baiskeli yenyewe nitaisema kwa kifupi maana watu wengi wameshaisema. Punguza upepo. Wengi wenu mnaotoka kwenye lami mnajaza tairi mpaka liwe jiwe, halafu mnalalamika changarawe inawatupa. Mimi nina kilo 62, tairi zangu zina upana wa milimita 42, hazina tyubu, na naweka psi (kipimo cha upepo wa tairi) 28 mbele na 31 nyuma. Ukiwa na tyubu usishuke hivyo, utaibana kwenye jiwe na kupata pancha. Anzia karibu na 38 na ushuke kidogo kidogo ukijisikiliza. Ukiwa mzito kuliko mimi, ongeza. Lakini kwanza punguza upepo kuliko ulivyozoea, kisha ndiyo uanze kuuliza habari za baiskeli mpya.

Gia: hesabu meno. Vilima vyetu havina huruma, na njia ya msituni ikiwa na mawe huwezi kusimama juu ya pedali, kwa sababu gurudumu la nyuma litateleza. Lazima ukae kitini na uzungushe. Meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma yasipungue meno ya gia ndogo kabisa ya mbele, na yakizidi ni bora. Yangu ni 30 mbele na 34 nyuma. Baiskeli nyingi za mtumba zinakuja na gia za watu wa nchi tambarare, kwa hiyo mpe fundi aziangalie kabla hujalipa.

Na matope yakianza kukwaruza, shuka. Usibadilishe gia, usikanyage. Shuka, tafuta kijiti, ng'oa matope, sukuma mpaka pakavu. Mkono ule wa gia ulinigharimu mshahara wa karibu wiki mbili, na ningeweza kuuokoa kwa kijiti cha dakika tatu kama nisingekuwa nawakimbilia watu.

Kula kabla hujasikia njaa. Jumamosi nilikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha vitatu, ndizi nne na chumvi kidogo kwenye maji. Nilikula kila baada ya dakika arobaini hata nisipotaka. Limuru na Kimende ziko juu ya mita 2,000, wakati Nairobi iko karibu na 1,700, na ile hewa nyembamba pamoja na baridi inakudanganya kuwa huhitaji maji. Unahitaji.

Usianzie Kereita, anzia Karura. Ni zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji letu, kuna askari, na makutano ya njia yamewekwa nambari; ukipotea unapiga simu na kusema uko nambari ngapi. Nilijifunza kona zote pale, asubuhi za Jumapili, peke yangu, mwaka mzima baada ya ile Novemba. Na ukipita langoni ukumbuke kwamba unaendesha pale kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikataa ule msitu ugawiwe wajenzi. Januari 1999 alipigwa hadi kutoka damu kichwani, alikuwa amekwenda kupanda mti. Mwanamke alimwaga damu ili mimi na wewe tupate kivuli, halafu wewe unatupa karatasi ya biskuti njiani? Tuna tabia mbaya, na tunaofanya hivyo tunajijua. Wasalimie wanawake unaowakuta wamebeba kuni. Punguza mwendo, sema habari, subiri wapite. Msitu ulikuwa wao kabla haujawa wa mazoezi yako.

Kushuka ndiko kunakonitia hofu mpaka leo, na sioni aibu kusema. Nikianza mteremko mrefu humkumbuka Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, aliyepigania nafasi ya waendeshaji wa Afrika Mashariki katika mbio za changarawe duniani. Alianguka akafariki Agosti 2022 kwenye mbio huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Kama mteremko uliweza kumchukua bingwa kama yule, mimi nani hata niachie breki kwa sababu mtu wa mbele ameachia? Rudisha mwili nyuma ya kiti, vidole viwili kwenye kila breki, macho mbali pale unapotaka kwenda na si kwenye shimo unalolikwepa. Punguza upepo. Na punguza mwendo.

Jumamosi, pale kwenye ile kona, tulisimama. Lile gogo bado lipo, limeota kuvu. Tuliketi tukala ndizi, na mbega walikuwapo, nadhani saba, mmoja ana mtoto mweupe kifuani. Rafiki yangu hakuniuliza kwa nini nalia.

Jumapili asubuhi kiongozi wa lile kundi aliiona njia yangu mtandaoni akaniandikia: "Hongera sana dada! Nitumie ramani, tuna mpango wa kurudi huko." Sijamjibu. Nikimjibu nitamuuliza siku ile Kimende alihesabu watu wangapi.

Na wewe wa Kahawa West, Jumamosi ya wiki ijayo, saa moja asubuhi, lango la Karura la barabara ya Limuru. Njoo na pampu, tyubu ya akiba na kitu cha kula. Tutakuwa wanne, na nyuma nitakaa mimi.