Hidaya kilifika, mkuu: jibu refu kutoka Kilwa Kivinje

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema Mei 2024 TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, waliwatisha na kimbunga Hidaya, boti za Zanzibar zikasimama, familia ikajifungia ndani Jumamosi nzima, na mwisho wake Dar mkaona mvua ya kawaida tu. Sasa wametoa angalizo la upepo mkali na mawimbi, mdogo wako ana safari ya Nyamisati kwenda Mafia, na wewe umeshachoka kuwaamini. Naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu Jumamosi ile ile mimi nilikuwa Kilwa Kivinje, na nina mashua.

Kimbunga kilifika. Tarehe 4 Mei kilitua Mafia na nguvu zake zikaishia hapo. Wakati nyinyi mnasubiri na hamuoni kitu, huku kusini maji yalikuwa yanabeba lami. Barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika Somanga na Mikereng'ende, na abiria walikwama njiani na watoto wao. Ardhi ilikuwa imeshalewa maji tangu masika ilipoanza, Rufiji ilikuwa imefurika mwezi mzima kabla, kwa hiyo mvua ya Hidaya ilikuta udongo usioweza kumeza hata ndoo moja zaidi.

Kwa nini sisi tuipate na nyinyi msiipate? Chukua kijiti uchore duara mchangani, kitovu chake kiwe Mafia. Vimbunga vya kusini ya ikweta huzunguka kama mshale wa saa. Ukifuata mshale huo, utaona upande wa kusini wa duara upepo unatoka baharini kuingia nchi kavu, umejaa maji. Upande wa kaskazini unatoka nchi kavu kwenda baharini. Kilwa iko kusini ya Mafia. Dar iko kaskazini. Nyinyi mlipigwa na upepo wa kutoka bara, sisi tukapigwa na bahari. Kama kitovu kingepita Bagamoyo badala ya Mafia, Dar ndiyo ingekaa upande wa maji, na leo usingekuwa unaniuliza swali hili. Kutoka Mafia hadi Bagamoyo ni mbali kwa mtu wa mashua, lakini kwa mtabiri anayetazama kimbunga kikiwa bado siku tatu baharini, kukosea njia kwa zaidi ya kilomita 100 ni jambo la kawaida duniani kote. Ndiyo maana taarifa zile zilitaja pwani nzima, kutoka Mtwara hadi Tanga, na Unguja na Pemba juu yake. Hawakuwa wanasema kila mlango utagongwa.

Wazee wa visiwani wanalijua hili bila kuchora duara. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikaachwa. Tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba hadi leo. Dhoruba moja, visiwa viwili vinavyotazamana, kimoja kikabaki na mashamba na kingine kikabaki na visiki. Na huku kwetu bibi yangu mzaa mama alikuwa Lindi mwaka 1952, Aprili hiyo hiyo, kimbunga kilipoingia mjini. Mpaka anafariki alikuwa akisikia mabati yakilia usiku anaamka kukaa kitandani.

Sasa nikueleze siku zile nne zilivyokwenda, maana ndipo nilipojifunza kusoma taarifa.

Taarifa ya kwanza ilitoka Mei Mosi, Jumatano. Ilizungumzia mgandamizo mdogo wa hewa, hali inayoweza kukua ikawa kimbunga, mashariki ya pwani ya Mtwara. Niliipata kwenye kundi letu la wavuvi nikiwa dikoni, juu anga jeupe, kusi, upepo wa kusini, inavuma kwa adabu kama inavyoanza kila mwaka. Nahodha wangu, ambaye kanipita umri, aliitazama simu, akatazama bahari, akasema, "Mbona kweupe?" Nikamwambia, "Kaka, weupe wa leo ni wa leo. Hawa wanasema Jumamosi."

Sikumlaumu kwa kusita. Mwishoni mwa Aprili 2021 tulitangaziwa kimbunga Jobo, tukapandisha vyombo, tukakaa siku tano, nacho kikafifia kabla hakijafika pwani. Miaka miwili kabla ya hapo, Kenneth kilitazamiwa Mtwara, watu wakahamishwa, kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji, na kule kiliua na kubomoa. Kwa mwenye chombo siku tano ni hasara. Kwa baharia ni njaa, kwa sababu baharia analipwa kwa mgao, chombo kisipotoka hana unga. Yule anayesema "wanatutisha" dikoni mara nyingi ni mtu aliyelala bila kula kwa ajili ya kimbunga ambacho hakikuja. Mimi siwezi kumwita mjinga.

Lakini niliamua kupandisha. Alhamisi nikatafuta vijana kumi na wawili, kila mmoja shilingi 5,000, na magogo ya mnazi ya kutanguliza chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Mwezi ulikuwa umekatika nusu, maji mafu. Wenye vyombo mtanielewa: maji mafu hayapandi juu, kwa hiyo huwezi kukielesha chombo mpaka karibu na minazi kama wakati wa bamvua, maji yanapojaa juu kabisa. Unakikokota. Gogo la nyuma linatolewa linakimbizwa mbele, wanavuta, chombo kinasogea dhiraa mbili kinakwama, wanavuta tena. Tulianza saa nane mchana, tukamaliza magharibi inaadhiniwa. Mashine tukaifungua, tukaibeba nyumbani kwangu, ikalala ukumbini.

Kosa langu lilikuwa nyavu. Nilikuwa na majarife mawili, nyavu kubwa, yametegwa upande wa kisiwa cha Songosongo. Nikajiambia taarifa inasema Jumamosi, nitayanyanyua Ijumaa alfajiri kwa ngalawa ya jirani. Ijumaa alfajiri upepo ulikuwa mdogo kabisa, ila bahari imebadilika. Yalikuwa yanaingia mawimbi marefu, manene, moja moja, na kati ya moja na jingine unaweza kuhesabu polepole hadi kumi na mbili. Hayakuwa mawimbi ya upepo wa pale. Yalikuwa yametoka kwenye kimbunga chenyewe, na mawimbi ya namna ile hutangulia, hufika kabla upepo haujafika. Nahodha alifika mlangoni mwa hori, pale mkono wa bahari unapofungukia nje, akageuza ngalawa bila kuniuliza. Nyavu sikuziona tena. Taarifa ilisema Jumamosi kwa upepo. Kwa mtu wa baharini, saa zake zilikuwa zimeanza Ijumaa, na tangu siku hiyo kila nikiona siku iliyotajwa natoa moja.

Jumamosi asubuhi upepo ulikuwa wa kusi, mvua inakuja ya ubavu. Mchana ukaanza kugeuka, ukawa wa matlai, unatoka baharini moja kwa moja. Hapa kuna jambo ambalo nahodha aliniambia nikiwa naye chini ya ukuta, na baadaye nimelithibitisha kila mahali: kwa upande wetu huu wa dunia, ukiupa upepo uso, kitovu cha dhoruba kiko mkono wako wa kushoto. Asubuhi tulitazama kusini-mashariki, kushoto kwetu ni kaskazini-mashariki, yaani bado kiko nje ya Mafia. Mchana tulipotazama mashariki, kushoto ni kaskazini, yaani kiko usawa wetu. Hatukuwa na umeme wala mtandao, na tulijua kilipo.

Mashua mbili zilizoachwa na nanga zilikatika amari, kamba za nanga. Moja tuliikuta Jumapili ndani ya mikoko, ubavu umepasuka kuanzia tezi, upande wa nyuma. Mwenyewe alikuja, akaweka kiganja pale ubao ulipofunguka, akasimama hivyo muda mrefu. Yangu ilikuwa juu, imejaa majani na maji ya mvua. Samaki wa safari ya mwisho, kilo kama 180 za changu na kolekole, walikuwa kwenye deli wakisubiri gari la Dar. Barabara imekatika, barafu hakuna. Tukawabanika kwa moshi wale tuliowahi, tukauza nusu ya bei. Wengine tuliwazika.

Na bado ilikuwa bahati. Maji mafu yale yale yaliyotuchosha Alhamisi ndiyo yaliyotuokoa Jumamosi, kwa sababu bahari iliyosukumwa na upepo ilikuta kiwango cha chini. Mwezi ulikuwa wa 25 Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kimbunga kingechelewa siku tano au sita tu kingekutana na bamvua la mwezi mwandamo, na nyumba za chini za Kivinje sijui ningekuandikia nini juu yake. Ukisoma utabiri wa dhoruba usiache kutazama mwezi.

Kuhusu kusoma taarifa yenyewe. Watu wengi wanaangalia rangi peke yake: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Shuka chini usome maneno mawili, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Ni vitu viwili tofauti. Jambo linaweza kuwa na uwezekano mdogo na athari kubwa, na hilo ndilo la kukufanya upandishe chombo, kwa sababu likitokea hulipi tena. Halafu tazama kama wameandika "baadhi ya maeneo" au "maeneo machache", na kama pwani ya kaskazini na pwani ya kusini wamezitenga. Mara nyingi wanazitenga, na mtu wa Tanga anasoma mstari wa Mtwara kisha analalamika. Ile ramani ya njia ya kimbunga inayofunguka mbele kama faneli, ambayo hutoka kwenye kituo cha La Réunion kinachofuatilia vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi, inaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi. Haionyeshi mvua itaishia wapi. Ukiwa nje ya faneli bado unaweza kuloa mpaka mifupani.

Namba nazo zina namna yake. Wakiandika mawimbi ya mita 2, kawaida ya utabiri wa bahari ni kwamba huo ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, ile iliyo kubwa kuliko mengine. Katika mamia ya mawimbi lipo moja litakalokaribia mita 4, na chombo kidogo kinazamishwa na hilo moja. Upepo pia: kutoka kilomita 40 kwa saa kwenda 80, nguvu inayokusukuma haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Tanga lililovumilia 40 usilipeleke kwenye 80.

Angalizo lililotoka sasa halina kimbunga ndani yake. Ni kusi ya mwishoni mwa masika, kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, jambo tunalolipata karibu kila mwaka. Lakini usisahau kwamba wiki mbili tu baada ya Hidaya kilikuja kingine, Ialy, kikapita nje kuelekea pwani ya Kenya na Somalia. Kwa hiyo taarifa ya wiki iliyopita usiitumie wiki hii. Mwambie mdogo wako aangalie ya siku yenyewe, na ile ya usiku wa kuamkia safari.

Kivuko akipande kama bandari imekiruhusu kuondoka. Wakisema kinasubiri, asubiri Nyamisati, asikubali kuhamia mashua ya mizigo kwa sababu nahodha kasema anaijua njia. Njia anaijua kweli, ila mashua iliyopakia saruji haipandi wimbi, inalichimba. Kama ana hiari ya saa, achague alfajiri. Kusi hulala usiku, na kuanzia saa nne hivi asubuhi huwa imeshaamka. Pesa ya kulala siku moja gesti naomba umtumie leo, asije akapanda chombo kibaya kwa kukosa pesa ya chumba. Na jaketi la kuokolea alivae akiwa bado gatini, kamba zote afunge, hata kama wenzake wamelikalia.