Kwa wadogo wanaoanza kazi ya herufi za filamu hapa Lubumbashi

Mdogo wangu anayekuja na kompyuta yake kutaka kujifunza kutengeneza majina ya filamu, yaani maandishi ya skrini yanayotaja filamu na walioitengeneza, mara nyingi la kwanza analoomba ni madoido: herufi zinazowaka moto, zinazopasuka, zinazomwaga vumbi la dhahabu. Hayo utayapata kwa jioni moja. Kinachokula muda ni kujua neno likae wapi, likae kwa muda gani, na kama limeandikwa sawa. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloleta ugomvi.

Kwetu mtu ana jina, postnomu (jina la pili la Kiafrika) na prenomu (jina la kupewa, mara nyingi la Kizungu). Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kizungu mwaka 1972, watu waliacha prenomu zao, na wapo wazee ambao hawajazirudia mpaka leo. Vijana wengi hutanguliza prenomu na kuitupa postnomu. Mwanamuziki aliyetoa wimbo wa mwisho wa filamu anataka jina la jukwaani tu. Kwa hiyo usinakili kadi ya mpiga kura. Mpe kila mtu karatasi aandike mwenyewe jina lake jinsi anavyotaka lisomwe, kisha atie sahihi. Siku mama wa mwigizaji atakapokupigia simu kuuliza kwa nini jina la ukoo halikutajwa, utakuwa na la kumwonyesha.

Wala usitegemee jicho lako peke yake. Majina ya Dr. Strangelove, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1964, yalichorwa kwa mkono na Pablo Ferro: herufi nyembamba, ndefu, zinazojaza skrini nzima huku ndege zikiendelea kuonekana nyuma yake. Ni kazi inayofundishwa hadi leo. Lakini katika mstari unaotaja kitabu kilichozaa filamu hiyo, neno moja limekosa herufi yake ya mwisho, na limebaki hivyo kwa miaka zaidi ya 60. Mpe mtu ambaye hakushiriki kazi asome orodha yako, aanzie mstari wa mwisho apande juu.

Sasa nafasi kati ya herufi. Chukua jina la kubuni, WATOTO WA KAFUBU, liandike kwa herufi kubwa, likuze lijaze skrini. Tazama W na A. Mguu wa mwisho wa W na mguu wa kwanza wa A vimelalia upande mmoja, kwa hiyo katikati yake hubaki uwazi. Baada yake A na T wanaacha uwazi mwingine, halafu T na O. Jina linaanza kuonekana kama limekatwa vipande. Vitabu vya Wazungu vitakupa mifano ya Kiingereza, lakini sisi ndio wenye shida kubwa, maana WA, YA, KWA na VYA ziko karibu kila jina la filamu ya Kiswahili. Zisogeze kwa mkono, jozi moja moja. Usiguse kitufe cha kubana herufi zote kwa pamoja. Kitabana na zile zilizokuwa sawa. Angalia pia NG' ya ng'ombe na ng'ambo: fonti nyingi (mitindo ya herufi ya kompyuta) huacha pengo baada ya alama ile, na mtazamaji anasoma maneno mawili.

Fonti za bure zina mtego wake. Jeneriki zetu, yaani orodha za majina ya walioshiriki filamu, huandikwa nusu Kifaransa, na fonti iliyochorwa na mtu asiyejua Kifaransa itakutolea kisanduku kitupu mahali pa É katika RÉALISATION. Jaribu É, È na Ç kabla hujaipenda.

Kuhusu muda, soma maandishi kwa sauti, polepole, mara mbili. Hapo kata. Majina yanayopanda mwishoni yana hesabu yake: yaende idadi kamili ya pikseli (nukta za picha) kwa kila fremu (picha moja ya video), 2 au 3, si 2 na nusu, la sivyo yatatetemeka. Kwenye picha yenye kimo cha pikseli 1080 na fremu 25 kwa sekunde, ukienda kwa pikseli 2 mstari mmoja unatumia sekunde 21.6 kuvuka skrini. Kwa 3, sekunde 14.4. Mwenye montaji, yule anayeunganisha picha za filamu, akikuambia ubane jeneriki iishe na wimbo, mwoneshe hesabu hiyo, kisha wimbo urefushwe au mistari ipunguzwe.

Herufi nyekundu juu ya weusi kila mtu anazipenda. Mimi nazikataa zikiwa nyembamba. Video za kawaida huhifadhi rangi kwa robo tu ya pikseli zake, mwanga ndio unaohifadhiwa kamili, kwa hiyo kingo za nyekundu huvurugika. Na filamu yako wengi wataiona kwenye simu, imeshapita WhatsApp. Itume kwa rafiki, akurudishie, ndipo uamue.

Ukishayashika hayo, tazama wakubwa. Kabla ya 1955 kumbi nyingi za Marekani zilionyesha majina pazia likiwa bado limefungwa. Saul Bass alipotengeneza yale ya The Man with the Golden Arm, filamu ilisafirishwa na agizo kwa waonyeshaji: fungueni pazia kwanza. Ni vipande vyeupe tu juu ya weusi, mwishoni vinakuwa mkono uliopinda, na hadithi ni ya mtu aliyenaswa na heroini. Halafu tazama michoro ya Tshibumba Kanda Matulu, wa mji wetu huu, aliyechora historia ya Zaire miaka ya 1970 na kuandika maneno ndani ya picha yenyewe. Kwake maandishi ni sehemu ya mchoro. Kwa kazi yetu naona ana mafunzo kuliko video nyingi za kufundishia. Herufi za kukwaruza alizotengeneza Kyle Cooper mwaka 1995 kwa Se7en zilifaa kwa sababu filamu ilihusu muuaji mwenye madaftari. Ukizibandika kwenye filamu ya harusi ya Kamalondo, mtaa wa hapa kwetu, watu watauliza nani kafa.

Jambo la mwisho ni la ofisini. Kila sehemu uliyoweka maandishi juu ya picha, toa pia nakala isiyo na maandishi, iweke kwenye diski mbili. Tamasha la nje likitaka jina kwa lugha yao watakuomba hiyo nakala, na mara nyingi wanaiomba kwa siku chache kabla ya onyesho, umeme ukiwa umekatika.