Ukimkuta chura amelala kwenye baridi, usimwingize ndani

Mwaka wangu wa kwanza Sheffield, Uingereza, mwezi wa Januari, nilikuwa nahamisha vyungu vya maua nyuma ya nyumba nikamkuta chura amejikunyata kwenye udongo. Alijaa kiganja, ngozi ya vipele, rangi ya tope. Miguu ameikunja chini ya tumbo, macho yamedidimia. Nilipomgusa hakutikisika, na alikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nilimwonea huruma. Mimi niliyekulia Muheza nilikuwa natetemeka ndani ya makoti mawili, sembuse yeye aliye uchi? Nikambeba hadi sebuleni, nikamweka kwenye beseni karibu na hita, nikamtilia maji ya bomba. Jioni akafumbua macho, akaanza kutambaa. Tukashangilia nyumba nzima. Siku ya kumi na mbili akafa, amekonda, nyonga zimechomoza.

Baadaye ndipo nikaelewa nilichomfanyia. Chura hana joto lake mwenyewe. Mwili wake unafuata hali ya hewa. Baridi ikiingia, mapigo ya moyo yanapungua, mmeng'enyo unasimama, na akiba ya mafuta aliyoiweka tangu kiangazi inamvusha mpaka mwisho wa baridi. Ukimpasha joto unauamsha mwili wote utumie akiba ile, na nje hakuna mdudu wa kumlisha. Ile baridi niliyomhurumia ndiyo iliyokuwa inamtunza.

Kwa hiyo ukimfukua kwa bahati mbaya, mrudishe palepale, umfunike kwa udongo uleule na majani makavu juu yake. Mara nyingi kazi imeishia hapo. Kama hapafai tena, labda mafundi wanavunja ukuta au mbao zinaondolewa, mtafutie mahali penye unyevu pasipofikiwa na barafu: chini ya lundo la magogo, kwenye mboji, nyuma ya kibanda cha bustani, humohumo kwenye bustani yako. Chura wa huku akiganda kweli hufa, kwa hiyo usimwache wazi usiku. Giza likikukuta hujapata mahali, mweke kwenye boksi lenye matundu na majani yenye unyevunyevu, ndani ya gereji isiyo na hita, kisha asubuhi mtoe.

Mikono nayo ina habari yake. Chura hunywa maji kwa ngozi, na kwa sehemu hupumua kwa ngozi hiyohiyo. Sabuni, losheni, hata chumvi ya jasho vinampenya. Nawa kwa maji matupu, kisha lowesha viganja kwa maji ya mvua kabla ya kumshika. Maji ya bomba yana klorini. Mimi nachota kwenye pipa la mvua. Ukimaliza, nawa tena vizuri kwa sabuni, maana chura wa vipele hutoa sumu kidogo ngozini, inayowasha macho.

Usimhamishie kwenye kidimbwi cha mbali hata kama unakiona kizuri zaidi. Sisi Watanzania tuna kisa chetu cha maporomoko ya mto Kihansi. Wale vyura wadogo wa kwenye rasharasha za maporomoko hayo walipunguziwa maji na mradi wa umeme, na mwaka 2003 ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukaonekana kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini; waliobaki ni wale waliokuwa wamepelekwa kutunzwa Marekani. Kuvu hiyo husambaa kwa maji, matope na vyura wenyewe, nami siko tayari kuibeba kwenye ndoo.

Salamanda mkubwa mweusi mwenye tumbo la rangi ya chungwa, ndugu wa chura mwenye mkia kama mjusi, usimguse kabisa. Hapa Uingereza analindwa na sheria, na kumshika kunahitaji kibali. Funika ulipofunua, ondoka.

Wenye kidimbwi, kikiganda wiki nzima, msipige barafu kwa nyundo wala kumwagia maji ya moto. Vyura wengine hulala chini kwenye tope. Weka sufuria yenye maji ya moto juu ya barafu mpaka itoboe tundu, ili hewa chafu ya majani yanayooza itoke. Theluji iliyofunika barafu nayo ifagie, mimea ya majini ipate mwanga.

Januari hii binti yangu aliinua chungu kilekile cha pembeni. "Baba, amekufa?" Nikachuchumaa naye tukamwangalia kimya. Muda ulipita, kisha ngozi ya koo ikapanda na kushuka, mara moja tu. Akakirudisha chungu taratibu kwa mikono miwili, akachomeka majani kwenye upenyo. Chungu hicho hatutakigusa mpaka Aprili.