Mkuu, usitume hilo ombi lako la kutoa mada kwenye kongamano bado

Umeuliza mengi: kichwa cha mada kikaeje, muhtasari uwe na maneno mangapi, uombe dakika 20 au warsha, nauli atalipa nani. Sawa. Ila hebu turudi kwenye sentensi yako ya mwisho: "Mbinu tuliyotumia kuchora ramani ya mitaro ya Tandale nitaifichua siku ya kongamano." Nimeisoma nikashika kichwa. Niliandika hivyo hivyo nikapigwa chini.

Aliyeniponza ni bosi mmoja mwenye vitambulisho vya makongamano ukuta mzima. "Usimwage mchele, waache na hamu." Basi nikawaacha na hamu, wanayo mpaka leo! Jibu lao lilikuwa mstari mmoja: haieleweki mtoa mada ana nini cha kusema. Baadaye ndo najua bosi mwenyewe hajawahi kushindania nafasi hata siku moja, yeye hualikwa. Mgeni rasmi anakufundisha kuomba, na mimi na digrii yangu nikakubali.

Mkuu, anayepitisha maombi si msikilizaji wako. Ni mtu anayejitolea, anasoma usiku baada ya kazi zake, na rundo bado liko mbele yake. Makongamano kadhaa huficha majina ya waombaji raundi ya kwanza, kwa hiyo hata kama ulizunguka Dar nzima na Ramani Huria, ule mradi wa wananchi kuchora ramani za mitaa yao, hapo wewe ni namba tu. Anachotafuta ni ushahidi kwamba una kitu cha kujaza hizo dakika. Ukimfichia, anahesabu huna.

Mwaga kila kitu. Andika kwamba mlipita na vijana wa mtaa, simu mkononi, mkapima upana na kina cha kila mtaro, mkaingiza OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Andika palipowashinda. Kisha sema msikilizaji ataondoka na nini: ile fomu yenu ya maswali, aitumie mtaani kwake. Na kile kisanduku cha pili kwenye fomu ya maombi, kinachosomwa na kamati peke yake, watu wanakiacha tupu kama hawakioni! Weka humo mgawanyo wa dakika: tano tatizo, kumi kazi yenyewe, tano maswali.

Unaogopa watu hawatakuja wakishajua jibu? Watakuja kukubishia, na hapo ndo kikao kinanoga.

Andika upya ubandike hapa tuone. Nikikuta tena neno "nitafichua" naripoti uzi kwa wasimamizi.