Si kila nukta ni nyota changa: kusafisha orodha ya eksirei ya Chandra

Katikati ya Januari, mawingu yakiuachia Mlima Meru, Nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi linalozaa nyota, hupita karibu utosini hapa Arusha mnamo saa nne na nusu usiku. Kwa macho ni ukungu mdogo tu. Mwaka 2003 Chandra, darubini ya angani inayoona eksirei (X-ray), iliitazama kwa kipindi cha siku 13 hivi, na vyanzo vya eksirei vilivyoorodheshwa vikapita 1,600. Vingi ni nyota changa, lakini si vyote, na kazi ngumu ni kuvitenganisha.

Kwa nini eksirei? Infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho, huitambua nyota changa kwa sahani ya vumbi inayoizunguka. Sahani ikishapotea, nyota hiyo hufanana na nyota yoyote ya njiani. Sumaku yake kali, hata hivyo, bado huifanya ing'ae kwa eksirei hadi mara maelfu kuliko Jua. Ukitegemea infraredi peke yake, utapoteza sehemu kubwa ya kundi.

Data za zamani za Chandra ni bure. Kinacholiwa ni bando na nafasi ya diski, kwa hiyo pakua usiku na uanze na uchunguzi mmoja mfupi. Programu ya CIAO, ya kuchakata data hizo, huendeshwa kwenye Linux au Mac.

Hatua ya kwanza ni amri ya CIAO iitwayo chandra_repro, inayochakata data upya, ukiwa na kalibresheni (data za kusahihisha vipimo vya kamera) mpya kabisa. Usiiruke. Uchafu umekuwa ukijijenga kwenye kichujio cha ACIS, kamera ya Chandra, tangu ilipoanza kazi, na unameza fotoni (chembe za mwanga) zenye nishati ndogo. Kwa kalibresheni iliyopitwa na wakati, modeli yako itadhani fotoni hizo zimemezwa na gesi iliyo mbele ya nyota, nawe utaandika kwamba nyota imezama kwenye vumbi kuliko ilivyo.

Kisha tengeneza picha ya fotoni zenye nishati kati ya keV 0.5 na 8 (keV ni kizio cha nishati), utafute vyanzo kwa wavdetect, zana ya CIAO ya kutambua nukta, kwa vipimo vya pikseli 1, 2, 4, 8 na 16. Kizingiti cha 1e-6 (moja kwa milioni) kinamaanisha takribani chanzo kimoja cha uongo kwa picha ya pikseli 1024 kwa 1024. Ipe pia ramani ya PSF, yaani jinsi darubini inavyotawanya nukta moja ya mwanga kila sehemu ya picha. Katikati ya picha nukta ina upana wa nusu arksekunde hivi (arksekunde ni 1/3600 ya digrii), ila pembeni hutanuka na kupinda kama tone la mafuta kwenye karatasi. Wengi hukosea hapa: wanalinganisha na infraredi kwa duara la arksekunde 1 kila mahali, kisha wanashangaa vyanzo vya pembeni havina wenzao. Tanua duara kadiri unavyoondoka katikati.

Nyota angavu mno zina tatizo lake. Kamera husoma kila baada ya sekunde 3.2 hivi. Fotoni mbili zikigonga sehemu moja kabla ya kusomwa, huhesabiwa kama moja yenye nishati ya zote mbili, na nyota huonekana hafifu na moto kuliko ukweli. Kwa vyanzo dhaifu, chenye fotoni 12 usikilazimishie modeli ya spektra, yaani mgawanyo wa fotoni kwa nishati. Mediani ya nishati, thamani ya katikati, inatosha.

Baada ya hapo, pitia kila chanzo. Orioni iko parseki 400 hivi (parseki moja ni miaka-mwanga 3.26), kwa hiyo kwenye orodha ya setilaiti ya Gaia, inayopima umbali wa nyota, paralaksi ya mwanachama wake, yaani jinsi anavyoonekana kusogea Dunia inapozunguka Jua, ni karibu miliarksekunde 2.5. Ukikuta 8, hiyo ni nyota ya karibu iliyosimama mbele, iondoe. Chanzo kisicho na mwenzake kwenye infraredi, chenye fotoni za nishati kubwa na mwanga uliotulia, mara nyingi ni shimo jeusi la galaksi ya mbali nyuma ya wingu. Ila kabla hujakifuta, chora mwanga wake kwa muda. Kikipanda ghafla kisha kikafifia polepole kwa saa kadhaa, kibakize: huenda ni nyota changa ambayo bado imefunikwa na vumbi lililoizaa.